Bahari Juu ya Plaiwudi

Daktari wa macho alipotuambia kwamba presha ya macho ya mama haitarudi nyuma, na kwamba mwanga uliobaki utaisha polepole, mama hakulia. Aliniambia tu nimchoree bahari ya Kilifi alikozaliwa, aiangalie mpaka mwisho. Na nisithubutu kuweka mashua, akasema, hizo ni za kalenda.

Hapa Kitengela kazi yangu ni mabango ya maduka, lakini rangi ya mafuta ninaijua. Maji ya bahari hayapakwi mara moja. Unaanza na rangi nzito ya udongo, unaiacha ikauke, kisha unapitisha samawati iliyolainishwa na mafuta mpaka unaona chini yake, kama chai ya rangi kwenye glasi. Unaacha tena ikauke, halafu kijani. Mwanga hupenya makoti yote ya rangi ukarudi. Ukiharakisha, unapata tope.

Lakini vumbi la Kitengela halina adabu. Malori ya kokoto yakipita tu, koti bichi linaota ndevu. Nilitundika shuka mbichi dirishani, nikakwangua, nikarudia, nikalaani. Kila asubuhi nilimkuta mama amesogeza kiti karibu zaidi na ubao wa plaiwudi niliokuwa nikichorea. Nilitamani kumaliza yote siku hiyohiyo. Nikajizuia, maana sikutaka kitu cha mwisho atakachokiona duniani kiwe tope.

Jirani Mmaasai anayetuletea maziwa aliutazama ubao akauliza, "Na hii maji yote, ng'ombe inaweza kunywa?" Mama alicheka, akamwambia ni ya chumvi. Kicheko hicho kilinipa moyo. Nilidhani bado anaiona.

Koti la mwisho lilipokauka, nilimshika mkono nikamketisha mbele ya picha. Jua la asubuhi liliingia, na yale maji, nasema kweli, yaliwaka kutoka ndani. Sijawahi kuchora kitu kama kile, na sitachora tena.  Mama akanyoosha mkono, akapapasa ubao kutoka juu mpaka chini, akitafuta. Makoti membamba hayaachi alama. Ubao ulikuwa laini kama meza.

"Mwanangu," akasema, "umekwangua yote tena? Sasa utaanza lini?"

Nilimwambia nitaanza kesho.