Kipande cha Reli na Ukili wa Mama

Shule yetu ya Temeke haikuwa na kengele. Kulikuwa na kipande cha reli kilichoning'inizwa kwa waya kwenye mkorosho nyuma ya darasa, na kila asubuhi mlinzi alikigonga kwa nati kubwa ya chuma, mara ya kwanza kutuita na mara ya pili kufunga geti. Mlio wake ulipita juu ya mapaa ya makuti, ukapita mashimo ya udongo waliyochimba waliojenga nyumba zetu, ukaingia uani kwetu ukiwa umechoka kidogo lakini unasikika vizuri sana. Mpaka leo fundi akigonga chuma mtaani, miguu yangu huanza kutafuta viatu, ingawa wakati ule sikuwa na viatu vya kutafuta. Mimi si mtu wa subira, sikuwahi kuwa, na wanaonifahamu wanajua. Nikiulizwa nimeupata wapi ugonjwa huu wa kuhangaika, nasema niliupata mlangoni kwetu, nikiwa na miaka tisa, na mtoto mgongoni.

Ilikuwa enzi za Mwingereza, na mtoto mwenyewe ni mdogo wangu Seif. Alipozaliwa, bibi mzaa mama alikuja kutoka Kisiju akakaa nasi siku arobaini kama ilivyo desturi. Alimkanda mama kwa maji ya moto, akampikia uji wa pilipili manga, akamkataza kushika hata ufagio. Siku ya arobaini alimtoa mtoto nje akamwonyesha jua, na kesho yake akafunga bunda lake. Alikuwa na mihogo yake shambani, na nguruwe hawakuwa na habari kwamba yeye amepata mjukuu. Aliacha maagizo mawili. La kwanza, mtoto asipigwe na umande wala macho ya watu barabarani mpaka ashikilie shingo yake vizuri. La pili, Idi ikifika tumpeleke Kisiju akaonwe na ndugu. Mama akaahidi kwamba hatakwenda mikono mitupu, atampelekea mkeka wa rangi tatu, maana ule wa bibi ulikuwa umechakaa mpaka unaonyesha sakafu. Bibi ndiye aliyemfundisha mama kusuka, na nakumbuka alivyotabasamu aliposikia ahadi ile, tabasamu la mtu asiyeomba kitu lakini atakingoja.

Siku iliyofuata mama alirudi kwenye vitumbua. Kabla ya adhana ya alfajiri nyumba ilikuwa imekwisha kujaa harufu ya iliki na unga wa mchele uliolala ukaumuka, na mafuta ya nazi yakichemka katika vile vishimo vya chuma. Akimaliza, alivipanga kwenye sinia, akafunika kwa kawa, akajitwika na kushika njia ya Chang'ombe, kwenye geti la kiwanda kimoja ambako vibarua walipata kitu cha kuweka tumboni kabla ya kuingia kazini. Baba alikuwa mpakuzi bandarini na aliondoka mapema kuliko mama. Kwa hiyo, kwa maagizo ya bibi, aliyebaki na Seif ni mimi. Mama alimfunga mgongoni mwangu kwa kanga, akakaza fundo kifuani, akasema, "Nakwenda na kurudi." Kazi yangu ilikuwa kumbembeleza, kumpa kidole changu anyonye akilia, na kusikiliza. Mama akirudi kabla ya reli ya kwanza, nilikwenda shule nikitembea. Akirudi kati ya ya kwanza na ya pili, nilikimbia. Akirudi baada ya ya pili, ilikuwa balaa.

Balaa hilo lilikuwa na jina, Mwalimu Agnesi, mtu wa bara, mrefu, mwenye sauti ndogo asiyehitaji kubwa. Nafasi za wasichana zilikuwa chache na wazazi walikuwa wanakuja kila wiki kuulizia. Sheria yake ilikuwa moja: ukikuta geti limefungwa mara tatu, jina lako linakatwa kwenye rejista na nafasi anapewa mwingine. Mimi nilikuwa nimekwisha kulikuta limefungwa mara mbili kabla Seif hajatimiza miezi mitatu. Nilimweleza baba, nikitumaini atanitetea. Baba hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu aliyechoka. Alisema, "Likikatwa, mie siendi kumwomba mtu. Utakaa na mdogo wako, umekwisha kujua kuandika jina lako." Alisema kwa upole kabisa, kama anayeniambia chai imekwisha. Usiku ule ule niliandika jina langu ukutani kwa mkaa, nikalitazama, nikaona ni kidogo mno kukaa nalo maisha yote.

Nataka kueleza mama alivyokuwa akisuka, maana bila hilo habari hii haieleweki. Mkeka hausukwi mzima. Unasuka kwanza ukili, utepe mwembamba mrefu wa majani ya miyaa yaliyochanwa na kuchovywa rangi, unausuka mpaka unakuwa na urefu wa njia, unauviringisha, na mwisho kabisa ndipo unashona tepe kwa tepe. Mama alisuka ukili popote penye upenyo. Alisuka akingoja maji yachemke, akiwa amesimama kwenye foleni ya bomba, Seif akiwa titini. Mara nyingine nilimwona ameshika ukili kwa mikono miwili na amelala usingizi ameketi, vidole vimesimama katikati ya kazi. Rangi ya zambarau aliipenda kuliko zote na ilikuwa haimtoki kwenye kucha. Baba alimtania, "Mikeka imejaa sokoni, Mama Mwaju, nawe unajitesa." Mama alijibu kwamba ya sokoni haimjui mama yake. Nami, nisifiche, nilianza kuuchukia ule ukili. Vitumbua nilivielewa, ndivyo vilivyotulisha. Seif nilimwelewa, hakuomba kuzaliwa. Lakini ukili ulikuwa wa nini?

Asubuhi moja reli ya kwanza ililia na mama hajaonekana. Nilizunguka uani mara tatu, mara nne. Seif alikuwa analia njaa, kichwa kikinigonga kisogoni, na mkojo wake wa moto umenishuka mpaka kwenye kifundo cha mguu. Nikaona afadhali nimfuate mama njiani nimpokeze mtoto huko huko. Nilikimbia nikapita visima, na nilipofika karibu na nyumba ya Bi Tausi, shoga yake mama, nililiona sinia letu. Lilikuwa limeegemezwa ukutani, tupu, na kawa juu yake. Nilisimama nyuma ya ua wa makuti nikachungulia. Mama alikuwa ameketi barazani, miguu ameinyoosha mbele, ukili mapajani, na kifuani kanga yake ilikuwa na madoa mawili ya maziwa yaliyomchuruzika. Vidole vilikuwa vinakwenda vyenyewe, hata hakuvitazama. Bi Tausi alisema jambo, nami sikulisikia, ila nilimsikia mama akicheka. Alicheka kwa kichwa nyuma, kicheko kirefu, na nikakumbuka kwamba sikuwa nimekisikia tangu Seif azaliwe.

Ningefurahi, kama ningekuwa mtoto mwema. Sikufurahi. Nilihisi nimeibiwa. Seif, ajabu, alikuwa amenyamaza, na mimi nikageuka nikarudi nyumbani kimya kimya bila kumwita mama. Alifika baada yangu kidogo, akihema, akanifungua mtoto na kusema, "Leo vibarua wamenichelewesha, mwanangu. Kimbia." Nilikimbia na uongo ule masikioni. Mwalimu Agnesi alikuwa ameshika komeo la geti, na reli ya pili ilikuwa bado inavuma. Aliniacha nipite, akanitazama miguu yenye mkojo na vumbi, kisha akasema, "Mwajuma, leo nimekufungulia mimi. Kesho geti halitakungoja."

Mchana huo mama alikuwa nyuma ya nyumba anatwanga mchele, nami nilikuwa jikoni nachochea maharage. Ukili ulikuwa mahali pake, nyuma ya mtungi wa maji, umeviringishwa mkubwa kama tairi la baiskeli, kazi ya miezi mitatu. Sikufikiri sana. Ningependa kusema nilisita, lakini sikusita. Niliubeba kwa mikono miwili nikausukumiza kati ya mafiga. Miyaa mikavu haina mjadala na moto. Ulishika mara moja, ukatoa moshi mzito wenye harufu ya majani na ya rangi ya dukani, harufu chungu iliyonipanda puani, na nikasikia mchi umenyamaza. Mama aliingia mbio akidhani nyumba inaungua. Alichomoa ncha iliyokuwa nje, akaikanyaga kwa mguu mtupu, na kilichobaki mkononi kilikuwa kiasi cha mkono mmoja, zambarau, na ukingo mweusi.

Nilikuwa nimekwisha kukunja mabega kungoja kipigo. Hakunipiga. Aliuliza, "Kwa nini, Mwaju?"

"Nilikuona kwa Bi Tausi."

Akaketi juu ya kibao cha mbuzi, polepole, ukili ule umemlegea mkononi. "Ulisimama muda gani?"

"Mpaka ulipocheka."

Aliangalia maharage, akaongeza maji, akarudi kwenye kinu. Nilisikia mchi ukianza, ukisimama, ukianza tena. Kesho yake alirudi nyumbani kabla hata ya reli ya kwanza, akanifungua mtoto, nikaenda shule nikitembea. Na kesho kutwa. Na siku zote zilizofuata, mpaka nilipomaliza darasa la nne na kwenda mbele. Nilipewa nilichokitaka chote, na nilikipokea bila kuuliza kimetoka wapi.

Idi ilipofika tulisafiri kwenda Kisiju juu ya lori la mbata, baba, mama, Seif na mimi. Ilikuwa safari yangu ya kwanza ya mbali na nilipaswa kuifurahia. Lori lilizama mchangani kila mara, wanaume wakashuka kusukuma, magunia yalinuka nazi iliyooza kidogo, na Seif alitapikia kanga mpya ya mama. Lakini mimi nilikuwa nahangaikia jambo moja tu, nalo ni bibi atauliza nini. Aliuliza hata kabla ya maji ya kunywa. Alimpokea Seif, akambusu, akampima uzito kwa mikono, akatazama mizigo yetu ikishushwa mmoja mmoja mpaka wa mwisho.

"Na mkeka wangu, mwanangu?"

Nilitazama chini. Vidole vyangu vya miguu naweza kuvichora mpaka leo, nilivyovitazama siku ile. Baba alifungua mdomo, maana naye alijua, lakini mama alimtangulia.

"Panya, mama. Panya wa Temeke hawana adabu, wameumaliza wote."

Bibi aliguna, akasema panya wa huko nao wamekuwa watu wa mjini. Watu wakacheka, mama pia akacheka, kidogo, kwa mdomo tu. Jioni ile wanawake walikaa uani wakisuka, na bibi akamwanzishia mama ukili mpya, akamtilia mkononi. Mama alisuka kama upana wa viganja viwili. Seif akalia. Mama akaurudisha mapajani kwa bibi akaenda kunyonyesha, na hakurudi kuuchukua. Sikumwona tena akisuka. Nilipokuwa mtu mzima niliwahi kumwambia, "Mama, sasa una nafasi, kwa nini husuki?" Akasema vidole vimesahau. Nilijua si kweli, na yeye alijua kwamba najua, tukaendelea kuchambua mchicha.

Mimi nilikuwa mwalimu. Nimefundisha miaka mingi, na sikuwahi kumfungia mtoto geti, ingawa sidhani kwamba hilo linafuta chochote. Mama alipofariki, tulifungua sanduku lake, na chini ya kanga zote nilikuta ukili wa kiasi cha mkono mmoja, zambarau iliyopauka, na ukingo mweusi. Ndugu zangu waliuliza ni kitu gani. Nilisema ni changu.

Siku hizi naishi Kimara kwa mjukuu wangu Rukia. Ana mtoto wa miezi mitano na kazi ya ofisini mjini, na jioni anapochelewa mimi ndiye nakaa mlangoni na mtoto begani, kwa kuwa mgongo hautaki tena. Anapaswa kufika saa kumi na mbili. Siku nyingi anafika karibu saa moja na nusu, anahema, anasema, "Shikamoo bibi, samahani, leo foleni ya Kimara imetukomesha." Nami naipokea foleni yake. Lakini juzi alipomchukua mtoto niliona kucha zake. Zilikuwa na rangi ya bluu pembezoni, rangi mbichi ya kuchorea, na foleni haijapata kumpaka mtu rangi. Nikakumbuka picha ndogo niliyoiona nyuma ya kabati lake, haijaisha, mwanamke ameketi na uso bado haujachorwa. Mtoto alikuwa amelia saa nzima, mkono wangu ulikuwa umekufa ganzi, na ile hasira ya zamani niliisikia ikinijia kutoka miguuni, naitambua vizuri.

"Ulicheka leo?" nikamuuliza.

Alinitazama kama mtu aliyekamatwa. "Nilicheka, bibi. Kidogo."

"Kesho chelewa zaidi," nikamwambia. "Mtoto yuko na mimi."