Mkono wa Kulia wa Mzee Abdoul

Saa sita mchana, moshi wa makaa unaingia wodini kupitia dirisha la nyuma, na hakuna anayeulalamikia. Huko uani ndugu wa wagonjwa wanapika. Hospitali hii ya Kindu, mashariki mwa Kongo, haina jiko, na asiye na ndugu hula kwa huruma ya jirani wa kitanda. Émilienne Onema, muuguzi wa miaka arobaini na ushee, anaburuta kigoda chake hadi kitanda cha pembeni, anakaa. Kwa muuguzi mwenye wodi nzima mikononi, kukaa ni jambo la kushangaza kidogo.

"Karibu tule, Papa Abdoul," anasema. "Leo sombe iko na mawese ya kutosha."

Anapitisha kiganja chake chini ya mkono wa kulia wa mzee, ule uliokufa, anakunja vidole vyake pamoja na vya mzee, wanachota wali na sombe, yale majani ya muhogo. Mkono unapanda polepole. Mzee anatafuna, macho ameyafumba.

Mwanzoni mwa mwezi, mzee huyuhuyu alikuwa akimwaga kila sahani.

Abdoul Tambwe alikuwa fundi cherehani mtaa wa Kasuku. Kiharusi kilimlegeza upande wa kulia na kumpokonya maneno. Kisukari anacho tangu zamani, na mguuni alikuwa na kidonda kinachooza. Hapo ndipo penye mtego: akichomwa insulini bila kula, sukari inashuka hadi anazimia, asipochomwa, kidonda kinazidi. Daktari alisema wazi kwamba asipoanza kula, Ijumaa mguu utakatwa.

Anayemuuguza ni mkwewe, Léontine, mwenyeji wa Butembo. Mumewe, mtoto wa mzee, anachimba madini Kalima. Léontine alipika vizuri tu. Kisha, kama alivyoelekezwa na wauguzi, alimshikisha mzee kijiko kwa mkono wa kushoto, ule mzima, naye mwenyewe akageukia ukutani.

"Huyu njo baba ya bwana yangu," anaeleza. "Nitamutiaje mukono mu kinywa? Kwetu, hata kumuangalia akikula ni haya."

Mzee alitupa kijiko. Aliuvuta mkono wake uliokufa kwa ule mzima, akautumbukiza sahanini, wali ukatapakaa shukani. Kila siku hivyohivyo. Wodi ikakata shauri kwamba akili zimemruka.

Émilienne naye aliamini hivyo, hadi siku alipoketi kumtazama tangu mwanzo hadi mwisho wa mlo. Yeye ni Mkristo, lakini amekulia Kasuku, ukuta kwa ukuta na Waislamu, akila sinia moja na watoto wao.

"Nikajiuliza, muntu wa wazimu anachagua mukono?" anasema. "Ule wa kushoto njo wa kujisafishia. Na siye tulikuwa tunamulazimisha akulie ule. Ningekuwa miye, ningetupa kijiko pia."

Akamuuliza: "Papa, unataka ukulie huu wa kuume?" Mzee akalia kama mtoto.

Kuketi alijifunza wakati wa vita. Mwaka 2002 Kindu ilikuwa imefungwa pande zote, treni haziji, njia za mashambani hazipitiki, muhogo umekuwa anasa. Émilienne, wakati huo msichana, alimuuguza mama yake katika wodi isiyo na hata bandeji. Muuguzi wa pale, Papa Mardochée, alipita na kigoda kitanda kwa kitanda, akimuuliza kila mtu anataka waanzie wapi. Mama alijibu: nywele. Homa ilikuwa imezisokota. Mwanamume yule akakaa, akazichana fungu kwa fungu mpaka zikalainika.

"Dawa haikukuwa," anasema Émilienne. "Mama alikufa kesho yake. Lakini alikufa muntu. Hakukufa namba ya kitanda."

Ndiyo sababu akasomea uuguzi. Mshahara wa serikali bado hajauona. Anaishi kwa posho ndogo ya hospitali na shamba la mpunga upande wa Kailo.

Ijumaa ilipofika, mzee akiwa sasa anakula, daktari alifunua kidonda, akapima sukari, akasema tungoje. Sasa nyama nyekundu imeanza kuota. Kisu kimeahirishwa, ingawa hakuna aliyesema kimefutwa.

Jioni Émilienne akienda nyumbani, Léontine hushika kiwiko cha mzee tu, uso ameugeuzia kando, na mkono unafika kinywani vilevile. "Kiwiko haina haya," anasema, akicheka.

Tumaini la Émilienne ni mzee atoke hapa na miguu yake miwili. Na tayari amemwagiza seremala vigoda, atengeneze kimoja kila mwezi, hadi kila kitanda kipate chake. Wenzake wanamtania kwamba anafungua baa. Hajali.

"Ukisimama," anasema, "mugonjwa anakujibu haraka ili uende."

Na siku akilazwa yeye kwenye kitanda kama hiki, je, angependa waanzie wapi?

Anampandishia mzee tonge jingine, vidole vyao vikiwa bado pamoja.

"Munichane nywele kwanza," anasema. "Sindano itafuata."