Nilivyoipika Hamira ya Tangi la Tatu

Siku yangu ya kwanza kazini niliua viumbe wengi kuliko watu wote wa Kakamega, na niliwaua kwa huruma.

Mama yangu alikuwa akipika busaa. Mtungi wake aliufunika gunia, maana pombe ikipatwa na baridi haichachi. Basi nilipoajiriwa kwenye kiwanda cha spiriti, mimi na cheti changu cha kidato cha nne, nikakuta tangi la tatu la molasi, ile shira nyeusi inayobaki sukari ikishatolewa, linapozwa kwa maji mchana kutwa. Nikaona huo ni ujinga wa wasomi. Nikafunga vali.

Sikujua kwamba hamira ikila sukari hutoa joto lake yenyewe. Mtungi wa mama ulikuwa mdogo. Tangi hili lilitosha kumeza kanisa letu. Kufikia saa nane povu lote lilikuwa limelala.

Mkemia mkuu akachungulia kwenye hadubini, akainua kichwa. "Nani amefunga maji?"

Nyumbani walikuwa wamechinja ingokho, kuku wa heshima, kwa ajili ya kazi yangu. Ningefutwa kabla mchuzi haujapoa! Nikainua mkono kama mtoto anayeomba kwenda haja.

"Kwa nini?"

"Nilionanga mama akifunika yake, bwana mkemia."

Hakucheka. "Kijana, spiriti hatutengenezi sisi. Wanaotengeneza ni hawa wadogo. Wewe ni mchungaji tu, na umechemsha kundi zima. Kuanzia leo utapima joto kila saa. Nikikuta saa moja imerukwa, usingoje barua, nenda kwenu."

Nikapima. Baadaye wakanipeleka maabara, kulea hamira kutoka chupa hadi pipa. Kisha kwenye mnara wa kukeneka, ambako pombe huchemshwa na mvuke wake kuvunwa. Kila cheo kilikuja na woga wake mpya. Nilipopangiwa mafunzo Mombasa nilidai mke wangu mgonjwa. Mgonjwa nilikuwa mimi, kwa kuwaza wiki mbili bila obusuma, ugali wa kwetu, na bila kujua matangi yameamkaje.

Ninyi vijana mnaoniuliza siri ya kufika hadi kustaafu, sikuwa hodari. Niliogopa kwa bidii, basi. Ubaya ni kwamba woga haukustaafu nami. Juzi gari la kiwanda lilisimama langoni kwangu, nikajificha nyuma ya choo. Kumbe dereva alikuwa akiulizia njia ya Khwisero. Jirani yangu, Mama Ayuma, aliyekuwa akichuma kunde, aliniona nikitoka huko najipangusa utando wa buibui.

"Baba Shikuku," akasema, "ulipostaafu si walishakuaga kwa soda na wilibaro? Sasa unaogopa kufutwa kazi gani?"