Trekta la Kupita Koridoni

Nyie wenzangu mliokulia Kariakoo enzi zile sabuni ya mche inakatwa kwa uzi na majirani wakigawana, hamna haja ya kuelezwa shida. Mtakumbuka pia jinsi shida ile ilivyoondoka ghafla. Biashara zilipofunguliwa, maduka ya mtaani kwetu yaliyokuwa yanauza hewa na viberiti yakafurika: redio, majiko ya Mchina, peremende za rangi zilizokuacha na ulimi wa kijani hadi kesho yake. Sokoni Mchikichini mitumba ikashuka kwa marobota. Na dukani kwa Bwana Jayanti, Mhindi aliyemuuzia baba yangu uzi na vifungo tangu ujana wao, siku moja yakatua matrekta madogo.

Baba alikuwa fundi cherehani, anashonea barazani kwetu. Alitoka Newala, na hakuamini kwamba mtu anaweza kula unga wa dukani akalala kwa amani. Ndiyo maana alikuwa na shamba Kisarawe, na ndiyo maana sisi wanawe, kaka Rashidi, mimi na mdogo wetu Zuhura, hatukujua likizo ni mdudu gani. Wenzetu wanacheza rede na kombolela, sisi tuko Kisarawe tumeinama. Tukigombania jembe lenye mpini mwepesi, jibu la baba lilikuwa moja: "Mchagua jembe si mkulima." Kwa hiyo aliposema anataka kununua trekta, tuliona tumekombolewa. Nilimwahidi Mungu mambo mengi wiki ile, na mengine sijayatimiza hadi leo.

Kumbe kuchagua trekta ni shughuli. Baba, yuleyule wa mchagua jembe si mkulima, alikwenda kwa Jayanti kila jioni kama mtu anayechumbia. Sisi tulitaka lile la magurudumu manne, lenye kiti na usukani. Rashidi alishapanga nani ataanza kuendesha. Kulikuwa na jingine la magurudumu mawili, halina kiti, unalishika kwa mikono na kulifuata kwa nyuma. Jayanti akaeleza nguvu za injini, aina za udongo, habari za visiki. Baba akamsikiliza kwa heshima zote, kisha akachomoa shingoni ile futi yake ya kupimia wateja, akayapima matrekta mabega, kiuno na makalio.

"Fundi," Jayanti akamuuliza, "unataka kulima shamba au unataka kulima korido?"

Baba hakucheka. Kitu cha chuma kikilala shambani, asubuhi ni cha mwingine. Trekta lazima lilale uani kwetu, na kufika uani ni kupita korido, katikati ya vyumba vya wapangaji. Lenye kiti lilikuwa na mabega mapana mno, basi, habari yake ikaishia hapo. La magurudumu mawili likashinda kwa umbo lake. Mama, aliyepitia dukani na kikapu chake cha samaki kutoka Feri, aliuliza swali moja tu: "Baba Rashidi, na palizi je?"

"Nyie wanawake hamjui mitambo," baba akamjibu. Na sisi, wasaliti wakubwa, tukacheka naye.

Trekta lilipita koridoni vizuri, hilo baba apewe sifa yake. Ila lilinasa mapazia ya milangoni, likaingia uani limevaa pazia la Bi Tatu, mpangaji wa chumba cha mwisho. Tangu hapo uani kukawa dizeli tupu. "Wali wangu unanuka gereji!" Bi Tatu alilalamika kila mchana, na bado kila mgeni wake alipelekwa kulitazama, akiambiwa ni trekta "letu".

Mvua za vuli zilipokaribia, tukalipakia kwenye lori la mkaa lililokuwa linarudi Kisarawe tupu. Baba alivaa suruali iliyonyooshwa kwa pasi. Tulipofika shambani akazungusha hendeli, likanguruma, likaondoka, likaondoka naye. Futi inapepea shingoni, baba anapiga kelele "Simama! Simama wewe!" utadhani linajua Kiswahili, mpaka likakwama kwenye mkorosho. Tulicheka hadi tukakaa chini. Lakini kufikia alasiri alishalielewa, na raha aliyokuwa nayo siku ile sikuwahi kuiona tena usoni kwake. Hakutaka kuacha. Alimaliza shamba, akaingia pori la pembeni, akalilima lote mpaka kwenye mpaka wa jirani. Tukapanda mahindi na kunde kila mahali, tukarudi mjini tunaimba. Likizo ya Desemba ilikuwa yetu!

Desemba majani yakaota. Yakaota shamba la zamani, yakaota na lile pori jipya, na trekta, jamani, lilikuwa linalima tu, halipalilii. Baba akatuita uani, akatuonyesha majembe mapya kutoka kwa Jayanti, mipini yote sawa ili tusigombane. Mama akafunga mihogo ya kuchemsha kwenye kitambaa, akachukua jembe lake, akapita mbele ya baba akiimba taratibu, "Mchagua jembe si mkulimaaa..." Zuhura alilia kutoka Kariakoo mpaka Kisarawe. Likizo nzima tulipalilia kwa mstari, tunamteta baba chinichini, naye anasikia na kujifanya hasikii, mama anaanzisha nyimbo na sisi tunaitikia kwa hasira.

Watoto wa siku hizi ukiwatuma dukani wanauliza kama hakuna bodaboda wa kuleta. Wangu nilipowaambia nataka trekta dogo la shamba langu la Mkuranga, walilichagua kwenye simu, wamejilaza kwenye kochi. Nilipokwenda kulilipia, muuzaji, kijana mwenye tai, akaniuliza kama nina swali. Nikamuuliza lile la mama.

"Ondoa shaka, mama," akasema. "Lina kifaa cha palizi."

Na kweli linapalilia. Juzi nilikwenda kuona. Mistari imenyooka, shamba safi. Wanangu walibaki garini na simu zao. Baba na mama walishatangulia, Rashidi yuko Mwanza, na Zuhura tunaonana misibani. Nilikuwa nimebeba jembe langu, nikatafuta jani la kupalilia, sikuliona. Basi nikaanzisha wimbo wa mama, nikangoja kuitikiwa. Dereva wa trekta akazima injini, akauliza, "Mama, umeniita?"