Baba wa Kuazima

Siku ambayo Mwita wa duka alikuja nyumbani kwetu Nyanungu ili awe baba wa mdogo wangu naikumbuka vizuri, mwanangu, kwa sababu alikuja na sukari. Ilikuwa mchana. Alikuwa amevaa shati lake la kwendea benki, akapiga hodi kwa heshima, akasema shikamoo kwa Bibi, akaweka ule mfuko kando ya kigoda. Bibi alikuwa anasukasuka kibuyu cha maziwa. Aliitikia marahaba bila kuacha kusuka.

Nakuandikia haya kwa sababu nasikia nawe unaomba viza ya masomo. Siku hizi mnajaza kila kitu kwenye simu, mkiwa mmelala kitandani. Sisi tulisafiri kwenda Sirari kutafuta mtu wa kutusaidia. Lakini maswali wanayouliza hayajabadilika sana, na moja kati ya hayo karibu limfungie mdogo wangu njia.

Kwanza nikueleze nyumba yetu, maana bila hiyo hutaelewa. Bibi yetu, Wankuru, hakujaliwa mtoto wa kiume. Mumewe, aliyeitwa Mwita, alifariki akamwachia mji, yaani boma lote, na ng'ombe, na hapakuwa na wa kurithi. Bibi akafanya walivyofanya wanawake wengine wa Kikurya kabla yake: alitoa ng'ombe, akamwoa mama yetu. Kwetu tunaiita nyumba ntobhu. Mama akazaa ndani ya mji wa Bibi, na sisi tukabeba jina la Mwita, marehemu mume wa Bibi, mtu ambaye hakuna kati yetu aliyewahi kumwona. Mwanaume aliyetuzaa tulimfahamu kwa sura tu. Alikuwa akipita barabarani na baiskeli, anatusalimia kama jirani, anakwenda zake. Kwa mila hakuwa na dai, na wala hakudai.

Mimi nilikuwa wa kwanza. Marwa alinifuata, na ndiye mvulana pekee. Unaona basi: mji wote wa Bibi, tangu zizi mpaka kaburi la mumewe, ulikuwa umewekwa juu ya kichwa cha yule mtoto.

Na yule mtoto alipenda vitabu. Alipomaliza kidato cha sita akapata nafasi ya kusomea udaktari wa mifugo katika nchi moja ya Ulaya. Nchi yenyewe siitaji, usije ukadhani huko ndiko rahisi kuliko kwingine. Chuo kilikubali kumsamehe ada. Kilichobaki ilikuwa viza, na mdhamini wa kumtunza. Mimi nilikuwa nimeishia kidato cha nne, nauza mitumba kati ya Sirari na Mugumu, miguu yangu haitulii hata leo. Kwa kuwa nilizijua barabara, nikaambiwa nifuatane naye.

Fomu ilituuliza jina la baba. Tukaandika Mwita. Yuko hai? Hapana. Alifariki lini? Hapo kalamu ikasimama. Ukiandika mwaka wa kweli, unawaambia watu wa ubalozi kwamba baba alikufa miaka mingi kabla mtoto hajazaliwa. Ukiacha wazi, watauliza kwa nini. Mama alikuwepo, lakini ng'ombe walikuwa wa Bibi, na fomu ilitaka kujua huyo Bibi anayelipa ni nani kwa huyu mwombaji. Si mama wa mama, si mama wa baba anayeonekana.

Kijana wa stesheneri pale Sirari aliyekuwa akitusaidia akacheka. Alikuwa na Kiswahili cha ng'ambo ya mpaka.

"Wewe brathe unajisumbua bure," akamwambia Marwa. "Si kuna Mwita wa duka la sementi? Ako hai, ako na akaunti imeshiba. Mwandike huyo. Mwita ni Mwita. Embassy watajulia wapi?"

Marwa aliniangalia. Nakwambia ukweli, niliona mwanga. Mwita wa duka alikuwa mtu mzuri, tena wa ukoo wa karibu, na tulipomwendea alikubali bila kuomba chochote. Alisema tu, "Lakini nisimame kama baba wa mtoto bila kumwamkia mwenye mji? Hapana. Nitakuja nyumbani kwanza." Ndiyo maana ya shati la benki na ile sukari.

Basi alipokwisha kueleza, Bibi aliweka kibuyu chini.

"Umeleta ng'ombe wangapi?" akauliza.

Mwita akacheka. "Bibi, hii ni karatasi tu. Ya kumsaidia mtoto."

"Nilipomchukua mama yao, wazee walikaa hapo ulipokaa wewe. Ng'ombe zikatoka zizini mchana, watu wanaona. Hata aliyenichukia aliona. Wewe unataka kumchukua mtoto wangu kwa karatasi, huko Sirari, kwenye chumba cha kupigia picha?"

"Simchukui, Bibi. Nasaidia."

"Ukishaandika kwamba ni wako, ni wako. Akirudi daktari, atarudi kwa nani? Na mimi nikifa, huyu aliyeandikwa wako atanizika kama nani?"

Mwita alikuna kichwa. Alikuwa mfanyabiashara, alijua biashara ikishavunjika. Akainuka, akasema kwa utani, "Basi Bibi, nirudishie sukari yangu."

"Sukari nimekubali," akasema Bibi. "Mtoto ndiye sijakubali."

Mwita alicheka mpaka akashika ukuta. Aliaga vizuri, na mpaka leo tunasalimiana. Lakini sisi wawili hatukucheka. Marwa alikuwa anatazama chini. Bibi akamgeukia.

"Mura," akamwita, kama tunavyowaita vijana wetu, "unaona aibu kusema kwamba mimi ndiye niliyemwoa mama yako?"

Marwa alizidi kuinamisha kichwa. Shuleni walimtania sana, wakimwita mtoto wa wanawake wawili. Alikuwa amejifunza kukaa kimya watu wakianza kutaja baba zao.

"Si aibu, Bibi," akasema mwishoni. "Ila Wazungu hawatanielewa. Wataona ni uongo. Watanikatalia."

"Umeshawaambia wakakataa?"

"Bado."

"Sasa umejuaje? Kama hawaelewi, waeleze. Si ndiyo sababu ulisoma, uweze kueleza watu? Usimwambie mtu uongo kwa kuogopa kwamba ukweli wako ni mgumu. Mwache aukatae mwenyewe, usimkatalie wewe."

Mama yetu alikuwa mtu wa maneno machache. Alitoka jikoni na sufuria mkononi, akasema, "Waandikie kwamba mimi ni mke wa huyu mama. Sijawahi kukosa chakula wala heshima katika mji huu. Kama kuna la kuona aibu hapo, mimi sijaliona." Akarudi jikoni.

Kwa hiyo, mwanangu, tukarudi mwanzo, na mwanzo ulikuwa mbali. Bibi akapelekwa benki Tarime kwa mara ya kwanza maishani mwake, akaweka dole gumba kwenye karatasi, akamwuliza yule dada wa dirishani kama ng'ombe wake wakigeuka pesa watalala humo ndani salama. Tukauza madume kwenye mnada, kidogo kidogo, kwa sababu tuliambiwa ubalozi hawapendi kuona pesa iliyodondoka kwa siku moja. Mtendaji wa kijiji akaandika barua kueleza ndoa ya Bibi na mama, akaisoma kwa sauti mbele ya wazee, nao wakamrekebisha mahali alipokosea. Haya yote yalikula miezi. Mwezi wa kufungua chuo ukapita Marwa akiwa bado anafukuza ndama. Chuo kikakubali kumsubiri hadi muhula wa pili, lakini wakasema hawatamsubiri tena.

Kile kipindi kilikuwa kigumu. Ukipita senta walikuuliza, "Vipi, ndege imepata pancha?" Marwa alikonda. Siku moja akaniambia tukiwa tunachota maji, "Dada, ningekuwa nimeshafika. Ningekuwa naona theluji sasa hivi." Nilimtwisha ndoo tu, na mimi nikabeba yangu.

Siku ya mahojiano tukapanda basi mpaka Dar es Salaam. Mimi sikuruhusiwa kuingia ubalozini, nikabaki nje ng'ambo ya barabara, nakula karanga bila kuzisikia ladha. Nilishika mfuko wenye shati lake la pili, kana kwamba angelihitaji mle ndani. Jua lilisogea mpaka likaniondolea kivuli, nikahamia kwingine, likanifuata.

Alipotoka alikuwa anatembea kama mtu aliyevua viatu vya kubana. Tulikaa kwenye ukingo wa barabara akanisimulia.

Yule ofisa alikuwa mama wa makamo, na alikuwa amesoma kila kitu. Alimwuliza, "Baba yako alifariki miaka mingi kabla hujazaliwa. Nieleze." Marwa akaeleza. Alianza kwa kigugumizi, kisha akaona yule mama ameweka kalamu chini, anasikiliza. Akaeleza mpaka habari ya ng'ombe kutoka zizini mchana.

"Kwa hiyo huyu bibi ndiye anayekulipia," yule mama akasema. "Yeye anapata nini?"

Marwa akasema anapata mtu wa kubaki na mji.

Kisha likaja swali ambalo, kama hujui, ndilo wanaloliogopa waombaji wote: "Nitajuaje kwamba ukimaliza masomo utarudi kwenu?"

Na huyu mdogo wangu, ambaye alikuwa tayari kujificha nyuma ya baba wa kuazima, akajibu hivi: "Mimi nilizaliwa ili nyumba ya bibi yangu isifungwe. Alitoa ng'ombe wake kabla hajajua kama nitakuwepo. Nisiporudi, hakuna mwingine. Hata nikitaka kubaki kwenu, nitalala vipi?"

Yule mama, anasema Marwa, aliandika kitu, akamwambia aende akasubiri majibu.

Hebu fikiri kama angekuwa amemwandika Mwita wa duka. Swali lile lile lingekuja, naye angejibu nini? Kwamba atarudi kwa baba mwenye duka la sementi na watoto wake wengine tele? Jambo lile tulilotaka kulifunika kuliko yote ndilo lililokuwa jibu lake. Lilikuwa ndani ya nyumba yetu muda wote, sisi tunakwenda kuazima kwa watu.

Pasipoti ilirudi baada ya wiki chache. Marwa alishindwa kufungua bahasha, akanipa mimi. Niliifungua pale pale kwenye ngazi za ofisi ya mabasi Tarime, nikapekua kurasa tupu, tupu, mpaka nikaikuta viza imebandikwa, na sura yake ndani, amekunja uso kama mtu anayedaiwa. Nilikaa chini, nikacheka, kisha nikalia, kisha nikacheka tena, na mama mmoja muuza ndizi akaniuliza kama nimefiwa au nimeolewa.

Baadaye tulisikia habari ya kijana wa kijiji cha pili, naye alikuwa amesaidiwa na yule yule wa stesheneri, akaandikiwa yule yule Mwita. Ubalozi ulimpigia Mwita simu kumwuliza mwanawe huyo alizaliwa lini. Mwita akataja, kwa moyo mweupe kabisa, tarehe ya kuzaliwa ya mtoto wake mwenyewe. Kijana alinyimwa. Niliposikia nilishika kifua, kama mtu aliyegundua asubuhi kwamba nyoka alilala chini ya kitanda chake akaondoka.

Siku ya kuondoka Marwa, Bibi alimtemea mate kifuani, juu ya shati jipya, kama wazee wetu wanavyobariki. Hakulipangusa. Alisafiri nalo hivyo hivyo.

Na alirudi. Bibi alikuwa bado hai, macho yamefifia. Hakumwuliza habari za Ulaya. Alimshika mkono, akampeleka moja kwa moja zizini, akamwonyesha mtamba aliyekuwa amekataa majani. Leo Marwa anatibu mifugo kuanzia kwetu mpaka huku Manchira, ninakoishi mimi kwa sasa, kabla miguu haijaniwasha tena. Nimeishi miji mingi, mwanangu, na kila ninapohama naikumbuka harufu ya kile kibuyu cha Bibi. Popote nikiulizwa mimi ni wa nani, nasema mimi ni wa nyumba ya Wankuru aliyemwoa mama yangu. Wengine hushangaa. Nawapa muda.

Basi ninachokuomba ni hiki. Unapojaza hizo fomu zako, jiandike ulivyo. Kama ulilelewa na shangazi, andika shangazi. Kama baba hayupo, usimtafute dukani. Anza mapema, kwa sababu ukweli huhitaji barua nyingi na miguu mingi, na ukikuchelewesha muhula mmoja, vumilia. Wakikukatalia ukiwa umesema kweli, utaweza kurudi tena kwenye dirisha lile lile kesho, na jina lako likiwa zima. Na wakikuuliza kwa nini utarudi nyumbani, usikariri jibu la mtu mwingine. Kaa kimya kidogo, ufikirie ni nani alitoa nini ili wewe uwepo.

Mimi niko mbali, siwezi kukutemea mate kifuani. Chukua basi haya maneno uyavae kama lile shati. Uende salama, usijifungie mlango kwa mkono wako mwenyewe, na milango itakayofungwa na wengine Mungu akufungulie. Ukimaliza, urudi, ukute wa kukushika mkono na kukupeleka zizini.