Moshi Ulikuwa Kwenye Kioo

Naikumbuka Jumapili moja kule kijijini Tlawi, mwanangu, na tangu nisikie umenunua projekta ya nyumbani inanirudia kila ninapofumba macho. Kaa nikuambie. Mimi darasa la tatu sikulimaliza, lakini projekta ya kwanza kijijini kwetu ilikuwa yangu, jasho langu mwenyewe la kulima vitunguu saumu.

Mama yangu wakati huo macho yalikuwa yamefifia. Kwenye televisheni ndogo haoni kitu. Picha kubwa ya ukutani ndiyo aliyoiona, na aliifurahia kuliko watoto.

Sasa sikia ujinga wangu. Kwetu ni baridi na ukungu, na mbegu ya mahindi tunaiweka darini, juu ya moto wa kupikia, ili moshi ufukuze wadudu na unyevu. Nikaona kinachofaa mbegu kitafaa mashine. Kila nikimaliza kuonyesha, nazima jenereta papo hapo kubana petroli, feni ya ndani haijapoza taa, kisha naipandisha projekta darini kwenye moshi.

Mama, ambaye hakuna aliyemshinda kutunza kibuyu cha maziwa, akaniuliza, "Hicho chombo chako unakiosha lini?"

"Mama, hii ni mashine, siyo kibuyu."

"Nimekisikia kinavyohema. Kinavuta hewa. Unadhani huko juu kinavuta uvumba wa kanisani?"

Nikacheka. Nilikuwa na mali, nikadhani nina akili.

Basi mdogo wangu wa kike akaolewa mbali, na Mama hakuweza kusafiri. Mkanda wa harusi ukaletwa. Jumapili hiyo, baada ya ibada, majirani wakajaa sebuleni, tukaziba madirisha kwa mablanketi, Mama nikamkalisha mbele kabisa. Picha ikatoka ya njano, imefifia, bibi harusi kama mtu anayepita kwenye ukungu.

Mama akanyoosha shingo. "Huyu ni nani?"

"Ni binti yako, Mama."

"Mbona sioni uso?"

Watu wote wakanigeukia. Hata wao hawakuuona. Jirani mmoja akafungua mdomo, nikamwahi: "Ni macho yako, Mama. Wenzako wanaona."

Hakuna aliyenipinga. Nyumba ilikuwa yangu, na chai waliyokunywa yangu. Mama akasema polepole, "Basi yamekwisha," akayafuta kwa upindo wa kitenge, akaendelea kutazama ukuta. Haukupita muda, taa ya projekta ikapasuka.

Nikaipeleka kwa fundi Babati. Akachomoa chujio la hewa, jeusi kama tako la sufuria. Taa mpya ilichelewa sana kuja. Ilipokuja, fundi akalisafisha chujio, akafuta moshi kwenye kioo cha lenzi, akawasha, tukaweka ule mkanda wa harusi. Mwanangu, niliona hata jasho puani kwa mdogo wangu. Lakini Mama tulikuwa tumeshamzika. Alikwenda akiamini moshi ulikuwa machoni mwake.

Wazee walisema kitunze kikutunze, nami nilikitunza kiburi. Basi wewe sikia. Ukimaliza kutazama, zima projekta kwa kitufe chake, uache feni ipoze taa mpaka inyamaze, ndipo uchomoe waya. Chujio litoe mara kwa mara, likung'ute nje, lipige brashi laini. Lenzi ifute kwa kitambaa laini kikavu, siyo kitenge, siyo mate, na usiiguse kwa vidole. Projekta ikipoa ifunike, uiweke mbali na jiko. Ni kazi ndogo, hata mimi nisiyesoma naiweza leo.

Na picha ikiwa mbovu, sema ni mbovu. Mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi nilificha moshi wangu kwenye macho ya mama yangu. Hilo hakuna fundi wa kulifuta.

Nenda, mwanangu. Mungu aibariki nyumba yako, ukuta wako uwe mweupe, na mama yako akikaa mbele auone uso.