Mibuni ya Ukutani

Juzi mwanafunzi wangu wa uchoraji alinionyesha picha ya mama yake akiwa mgonjwa kitandani. Niliinama kuitazama vizuri, naye akaanza kuifuta.

"Iache, mwanangu," nilimwambia, nikakumbuka mchana mmoja wa utotoni kwetu Mbinga.

Siku hiyo baba alikuwa anakata mibuni yetu kwa panga ili achimbe ngolo, mashimo ya kulimia mahindi. Chama cha ushirika kilikuwa kimekufa, na wanunuzi wapya wa kahawa walilipa walivyotaka. Mimi sikuyajua hayo. Nilisikia harufu tamu ya maua yaliyokuwa yakianguka, nikadhani tunasafisha shamba kwa ajili ya sikukuu.

Kwa furaha nikachukua mkaa, nikamchora baba kwenye ukuta wa jiko, mibuni imelala miguuni pake.

"Baba, njoo uone!"

Alikuja na panga lake, akaitazama. "Huyu ni mimi?"

"Ndiyo, baba. Na hiyo ni mibuni ya babu."

Akachota udongo mbichi, akaipaka picha yote kwa kiganja. Nililia, nikiamini nimechora vibaya.

Tangu hapo nimechora mibuni mingi iliyosimama na kuchanua, na watu wanainunua. Hakuna picha iliyowahi kuifikia ile ya ukutani.